Uji wa Babu Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Juzi uji uliniungulia. Nilikuwa nimeuacha jikoni nikaenda kumgeuza mama, maana akilalia ubavu mmoja muda mrefu ngozi inachubuka, na niliporudi harufu ilikuwa imeshajaa nyumba nzima: ulezi ulioshika chini ya sufuria, moshi wa kuni zenye unyevu, na ile baridi ya kijijini kwetu Ikuti isiyotoka ndani hata ufunge madirisha yote. Nikasimama pale na mwiko mkononi. Ninakaribia miaka arobaini, nina watoto wawili, watu wananiita mwalimu hata barabarani, lakini kwa dakika nzima macho yangu yalikuwa yanatafuta kikombe cha bati, cheupe chenye mdomo wa bluu, ili nimpelekee babu.

Babu alikufa nikiwa darasa la pili. Kabla hajafa alinituma neno nimpelekee mama, hatua tano tu kutoka kitandani pake, na sikulipeleka. Sisemi haya ili nionewe huruma, na mtu asije akanipigia simu kunifariji. Ninasema kwa sababu mama anaisha, na mimi nimechoka kulibeba.

Ninyi wa rika langu mliokulia Rungwe mnajua mambo ya ukutila. Wengine niwaeleze kidogo. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Si kwamba wamegombana. Ni heshima, na heshima yenyewe ina kazi: akimwona kwa mbali njiani anaiacha njia anaingia migombani, akisikia kikohozi chake anavuta kitenge afunike uso, jina lake halitamki hata kwa kuteleza ulimi. Siku hizi mabinti wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, wanaziweka kwenye simu, na wala sisemi ni vibaya. Lakini mama yangu aliolewa katika utaratibu wa zamani, na babu yangu alikuwa mtu wa utaratibu hata kwenye kupanga kuni. Miaka kumi walikaa kiwanja kimoja, wakila kutoka chungu kimoja, hawajawahi kuonana uso.

Bibi alipokuwa hai haikuwa shida. Bibi alikuwa katikati yao, anapokea chakula huku anakipeleka kule. Kisha bibi akafariki, na kabla mwaka haujaisha babu akapooza upande wa kushoto. Hospitalini wakamtazama, wakampa dawa, wakasema arudishwe nyumbani, atunzwe. Atunzwe na nani, hilo halikuwa swali lao. Baba yangu alikuwa Chunya anachimba dhahabu, anakuja mara moja kwa miezi mingi akiwa na vumbi jekundu masikioni. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameolewa Kyela. Alikuja, akalia sana, akaacha mchele, akaondoka.

Tukabaki watatu wa kumtunza. Mama, asiyeruhusiwa kumtazama. Mimi, niliyekuwa na miaka minane. Na Fundi Saidi, ambaye cherehani yake ilikuwa barazani kwake, nyumba ya pili kutoka kwetu. Watu wake walitoka pwani enzi za babu zake, wakabaki, na yeye alisema Kinyakyusa kizuri kuliko mimi. Kila asubuhi baada ya swala yake alikuja na ndoo ya maji ya moto, akafunga mlango, akamwogesha babu na kumbadilisha nguo. Tulikuwa tunamsikia akisema, "Mzee, leo nakunyoa kidevu, nikikuacha hivi utaozeshwa kwa mbuzi." Babu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Hakuna aliyemwomba Fundi kazi ile, wala hakuwahi kuitaja kama kazi.

Mengine yote yalikuwa yangu. Babu alilala kwenye chumba chake cha mianzi, kilichokandikwa udongo, nyuma ya nyumba yetu ya matofali. Udongo ulikuwa umedondoka hapa na pale, kwa hiyo sauti ilipita. Mama alipika, akaja na kikombe mpaka ukutani, akapiga magoti hapohapo kwenye matope chini ya mchirizi wa paa, mgongo ameupa ukuta, uso ameuelekeza migombani. Mimi nikakipokea nikaingia nacho. Na hapo ndipo yalipoanza mazungumzo yao, ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nacheka.

"Mwambie babu yako leo kuna mbalaga na maharage."

"Babu, leo kuna mbalaga na maharage."

"Mwulize mama yako kama safari hii ameweka chumvi, au tunakula kama jana."

"Mama, babu anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie chumvi ya jana aliimaliza yeye juzi."

"Babu..."

"Nimesikia na mimi, mke wangu. Lete hiyo ndizi."

Mke wangu ndiyo mimi, utani wa babu na mjukuu. Walisikiana neno kwa neno, lakini hakuna aliyemjibu mwenzake mpaka nirudie. Nilijiona mtu mkubwa sana. Nisingekuwepo, nilidhani, hakuna ambaye angejua mwenzake yu hai.

Babu alipomaliza uji mama aliuliza swali lake. Aliuliza kila siku, asubuhi, saa tisa na jioni, bila kubadilisha hata sauti.

"Amekunywa?"

"Amekunywa."

Na kutoka kitandani, kwa ule ulimi uliokuwa umelala nusu, babu akasema, "Ndaga fijo." Asante sana. Alisema akitazama ukuta. Mama akainuka, akakung'uta matope magotini, akaenda zake kuchuma chai.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto ilivyo. Jumapili tulikuwa na mwalimu wa watoto kanisani, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kutisha, na alitufundisha kwamba Mungu haonekani. Anayeuona uso wake anakufa palepale. Jina lake halitajwi hovyo. Zamani alikaa nyuma ya pazia, na aliingia mtu mmoja tu aliyechaguliwa, wengine wote wakasubiri nje wamepiga magoti. Nikiwa nimekaa kwenye benchi na miguu haigusi sakafu, nikaweka moja na moja. Nani kwetu haangaliwi uso? Nani jina lake halitamkwi? Mama anapiga magoti nje kumpelekea nani? Na aliyechaguliwa kuingia ni nani, kama si mimi?

Sikumwambia mtu. Jambo kubwa namna hiyo humwambii mtu. Lakini tangu siku hiyo niliingia kwa babu kwa adabu mpya kabisa. Nilimfuta udenda kwa pindo safi la gauni langu. Nilimkata kucha za miguu, ngumu kama pembe. Nilishangaa kwamba Mungu hawezi kujikuna mgongo, na kwamba ana harufu kidogo ya mkojo kabla Fundi Saidi hajaja, na kwamba anapenda nimsimulie nani kapigwa shuleni. Lakini sikuona kama vinampunguzia kitu. Nilifurahi. Sidhani kama nimewahi tena kufurahi hivyo ndani ya kanisa lolote.

Na kama kawaida ya mtu anayejua yuko karibu na Mungu, nikaanza kuomba. Nilikuwa na ombi moja tu. Nikamwambia nikiwa nimeshika kikombe, "Babu, mrudishe baba."

Babu alinitazama muda mrefu. "Atarudi," akasema, akaniwekea mkono wake mzima kichwani.

Mtoto ukimwambia hivyo anakwenda kukaa barabarani. Kila siku nikitoka shule nilikodolea macho kila gari lililopanda kutoka Tukuyu. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Nikamkumbusha, akasema tena, "Atarudi, mke wangu." Wiki ya tatu nilianza kuona hasira. Nilimfanyia kila kitu, sikumwibia hata tonge moja la ndizi, na yeye kazi ndogo tu ya kumwita mtu kutoka Chunya inamshinda? Au hataki?

Siku yenyewe mvua ilikuwa inatishia tangu asubuhi. Tulipotoka shule nilitakiwa niende moja kwa moja nyumbani, kwa sababu uji wa saa tisa ulikuwa zamu yangu na mama alijua sichelewi. Nilifika njia panda, pale penye banda la kupimia chai, nikawakuta wasichana wawili wa darasa langu wamekaa juu ya magunia wanakula mapera. Kina mama walikuwa wanashusha vikapu, wanatukanana kwa utani na karani wa mizani. Nikajua kabisa kwamba babu ameanza kusikiliza miguu yangu. Nikajiambia: angoje na yeye. Ajue kungoja kulivyo.

Nikakaa. Nikala mapera mpaka meno yakafa ganzi. Mvua ikaja, ile mvua yetu isiyokuwa na haraka ya kuondoka, na nikafurahi kwamba nina sababu ya kubaki.

Yaliyotokea nyumbani niliyajua kwa vipande. Mama alifika na kikombe ukutani, akaniita, hakuna. Akasubiri. Babu naye ndani akaniita. Wawili hao wakawa wanaita jina langu mimi, huyu ndani na yule nje, kwa sababu kuitana wenyewe hawawezi. Watu wote walikuwa kwenye chai au wamejificha mvua. Fundi Saidi alikuwa ameshuka Makandana kununua uzi. Uji ukawa unapoa. Mwishowe mama akasogea mlangoni, akageuzia uso migombani, akanyoosha mkono na kukiweka kikombe sakafuni kwa ndani, labda babu angeweza kukifikia kwa ule mkono mzima. Babu alijaribu. Alitoka kitandani kufuata kikombe.

Mimi nilipofika, nimelowa chapachapa, sikumkuta mama mahali pake. Chini ya mchirizi kulikuwa na alama mbili za magoti zilizojaa maji. Mlango wa mianzi ulikuwa wazi.

Mama alikuwa ndani. Alikuwa amejifunga kitenge machoni, fundo kisogoni, kama watoto wanapocheza kutafutana, na alikuwa amepiga magoti sakafuni anamwosha babu kwa kupapasa. Babu alikuwa amelala ubavu kwenye uji na mkojo. Beseni la maji ya moto lilikuwa pembeni, na mama alichovya kitambaa akikosea, mara beseni, mara sakafu.

"Toka," babu alikuwa anasema. "Toka, mwanangu. Toka, nakuomba."

"Tulia, baba," mama akasema. "Sikuoni. Ninakuosha tu, sikuoni."

Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakisemeshana bila mimi. Niliumia, nakiri. Nilisikia wivu.

Kisha mkono wa mama ukafika usoni pa babu, ukakutana na kitu cha moto. Babu alikuwa amejigonga paji la uso kwenye mguu wa kigoda, damu inaingia jichoni. Mama akaunusa mkono wake. Akashtuka, "Yesu wangu," na kabla sijaelewa anafanya nini alishalifungua lile fundo na kitenge kimeanguka mabegani.

Wakatazamana. Miaka kumi, na sasa nyuso zao ziko karibu kuliko ninavyokishika kitabu nikisoma. Babu akamtazama, mama akamtazama. Halafu mama akasema, "Pole, baba," akaanza kumfuta damu. Babu akafunga macho yake yote mawili, na machozi yakatoka kwa lile lisilokuwa na damu.

Mimi nilisimama mlangoni nikingoja mama afe. Ndiyo nilichokuwa nangoja. Nilifumba macho nisimwone akianguka, nikahesabu, nikafungua, bado yuko palepale anakamua kitambaa. Aligeuka akaniona, na mapera yangu mfukoni mwa sketi.

"Lete shuka kavu," akasema.

Hakuuliza nilikuwa wapi. Hajawahi kuuliza mpaka leo.

Jioni Fundi Saidi alimnyanyua babu akamrudisha kitandani, akamsemesha kwa utaratibu. "Mzee, huyu ni mtoto wako. Ungetaka akuache ufe sakafuni? Hapa hakuna aibu." Babu aligeukia ukuta.

Na babu akaacha kula. Nilimpelekea uji, akafunga mdomo. Nilimpelekea maziwa, ndizi iliyopondwa na parachichi, chai ya sukari nyingi. Alinipapasa kichwa kwa upole kabisa, kisha akafunga mdomo. Mama nje akauliza, "Amekunywa?" nikajibu, "Hapana," na nikasikia pumzi yake ikitoka. Hakuinuka haraka kama zamani. Alikaa pale na magoti kwenye matope, kana kwamba nikisubiriwa kidogo nitabadilisha jibu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Utani uliisha. Hakuna aliyeuliza habari ya chumvi.

Mimi sikumwona tena kama Mungu. Nilimwona mzee aliyekonda, mwenye plasta iliyochafuka kwenye paji la uso, na nilikuwa namwogopa. Kilichobaki kichwani ni kwamba mwalimu wa Jumapili alikosea upande: anayekufa si anayeona, ni anayeonwa.

Siku ya tisa saa tisa nilikuwa nimekaa kitandani pake na kikombe kikipoa. Babu aliniita kwa kidole. Nikainama, maana sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Mwambie mama yako," akasema, "sina hasira naye. Ni aibu tu. Mwambie mikono yake ni mizuri."

Hilo ndilo neno. Hilo tu.

Nikatoka nalo. Mama alikuwa ukutani, amepiga magoti. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Amekunywa?" Na aliuliza kwa namna ambayo sikuweza kuistahimili. Sauti ilikuwa imeisha, kama ya mtu anayeomba maji. Kumwambia "hapana" mara nyingine nilishindwa. Na nilijua kwamba nikisema hilo neno la babu nitaanza kulia, na nikilia nitasema habari ya mapera, na banda la chai, na kwamba nilikusudia.

"Amekunywa," nikasema.

Mama alifunika uso kwa mikono miwili. "Ndaga, Kyala," akasema, akimshukuru Mungu kwa lugha yetu. "Chote?"

"Chote."

Nikakimbia, nikaenda kuumwaga uji kwenye mgomba. Neno la babu nitalisema kesho, nilijiambia. Kesho yake asubuhi Fundi Saidi aliingia na ndoo yake, akatoka haraka, akaja kusimama mlangoni kwetu bila kofia.

Kwenye msiba baba alirudi. Ombi langu lilijibiwa, mnaona? Alishuka kwenye gari la pili kutoka Tukuyu, na vumbi lake masikioni, nikamkimbilia, akanipita. Shangazi alikuwa ameshapata habari kwa majirani kwamba mkwe aliingia chumbani na akafunua uso. Wakamweka mama katikati ya kina mama kwenye turubai.

"Ulimtazama baba?" shangazi akauliza.

"Nilimtazama."

"Mtoto alikuwa wapi? Si ndiye kazi yake?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya mama. Niliona mgongo wake ukinyooka.

"Nilikuwa nimemtuma mimi," akasema. "Nilimtuma dukani."

"Basi umemuua wewe. Aibu imemuua."

Na mimi nilikuwa na lile neno mdomoni, tamu na zima, lingetosha: hana hasira naye. Kila mtu pale angelisikia kutoka kwa mtoto aliyetumwa. Nilimwona baba akimtazama mama kwa namna nisiyoijua. Nikafikiria kwamba wakiuliza lini alisema, nitasema siku moja kabla hajafa, na wataniuliza kwa nini mama anasema siku hiyo alikunywa uji. Nikakaa kimya. Nikakaa kimya mpaka wakazika, mpaka wakala, mpaka shangazi akakataa kupokea sahani kutoka mikononi mwa mama mbele ya watu wote, mpaka baba akarudi Chunya, ambako baadaye tulisikia ana mke mwingine. Ndugu zake wanasema ilikuwa kwa sababu nyingine. Labda. Chumba cha mianzi kilianguka chenyewe mvua zilizofuata, na hakuna aliyekijenga.

Nilikua. Mara mia nilikuwa karibu kumwambia. Nilipokwenda sekondari nilikuwa karibu. Nilipoolewa, alipokuja Mbeya kumpokea mtoto wangu wa kwanza na kumwogesha kwa ile mikono yake, nilikuwa karibu sana. Lakini kila mara nilijiuliza: nitampa nini? Nimwambie kwamba miaka yote hiyo aliyopitishwa njia ya pembeni kama mkosaji nilikuwa na ufunguo mfukoni? Nikasema, kesho.

Sasa mama amepata kiharusi, kisha cha pili, na cha pili kimechukua akili. Niliomba likizo nikarudi Ikuti, likizo ikaisha, nikaomba nyingine. Ninamgeuza, ninamfuta, ninamlisha kwa kijiko. Hanijui. Kinachonimaliza ni kwamba akisikia miguu mlangoni, ya mtu yeyote, anavuta shuka kwa mkono mmoja na kufunika uso. Naingia na uji, mama yangu ananifichia uso. Nakaa pembeni na kungoja shuka lishuke.

Kina mama wa kanisani wanakuja Jumatano, wanaimba nyimbo mbili, wananishika mkono. Wanasema, "Mwalimu, katika kumhudumia mama unamhudumia Mungu mwenyewe. Yupo hapa." Nawashukuru kwa adabu, nawapa chai. Wakiondoka natazama chumba chote. Naona dawa, naona beseni, naona doa la unyevu kwenye dari. Niliwahi kumwona Mungu mara moja tu, nikamchelewesha uji makusudi. Sijui kama anayefanya hivyo huonyeshwa tena.

Juzi, baada ya ule uji kuungua, nilipika mwingine. Mama alikunywa vijiko vitatu, kisha akafunga mdomo. Nikamfuta. Nikatoka nje na kikombe, mvua inanyesha, nikazunguka nyumba mpaka chini ya dirisha lake. Sijui nilikuwa nafanya nini. Nikapiga magoti kwenye matope, mgongo nimeupa ukuta, uso nimeuelekeza migombani. Na kwa kuwa simwoni, nikaweza.

"Mama," nikasema kwa sauti, mvua inasikia, majirani wakisikia basi. "Siku ile hukunituma dukani. Nilichelewa makusudi. Na babu alinituma nikwambie hana hasira na wewe. Ni aibu tu. Alisema mikono yako ni mizuri. Alisema, mama. Ni mimi sikusema."

Nikangoja. Nilikuwa nalia kama mtoto wa darasa la pili, kamasi na kila kitu. Maji ya mchirizi yalikuwa yananiingia mgongoni. Kisha ndani, kupitia dirishani, sauti ya mama ikaja, ile ile, bila kubadilika, sauti ambayo sikuwa nimeisikia ikiuliza neno lolote kwa miezi.

"Amekunywa?"

Neno la babu lilikuwa limepita juu yake kama mvua juu ya bati. Halikumfikia, na sasa halitamfikia. Yuko bado pale ukutani, amepiga magoti kwenye matope ya siku ya tisa, anangoja kuambiwa kwamba mgonjwa wake ameweza kumeza kitu. Vyote vingine vimemtoka, jina langu, jina lake, baba, Chunya, msiba. Hilo peke yake halijamtoka. Kama Mungu yuko mahali popote katika nyumba hii, basi yuko ndani ya swali lile, na sina jibu la kumpa isipokuwa lile la uongo.

"Amekunywa, mama," nikasema.

"Ndaga, Kyala," akasema.

Nikainuka, nikakung'uta matope magotini. Sijafika hata kona ya nyumba, akauliza tena.